Taa Mbili kwa Paka Mweusi

Jumatatu, 8 Septemba 2014

Leo Darlene amenipa nishike taa. Tangu nianze kwenda pale kwenye nyumba ya paka waliokosa wenyewe, kazi yangu ni kuosha mabakuli na kuzoa mavi yao kwenye mchanga. Mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyenipeleka. Alisema nikikaa ndani peke yangu nitasahau hata salamu. Haya. Napanda basi, naosha, narudi. Paka hawaniulizi nimetoka nchi gani.

Darlene ndiye mkubwa wa pale. Mzungu mrefu, miguu kama korongo. Ana roho nzuri lakini kufagia hajui. Kila paka anampiga picha, anaiweka kwenye intaneti, mtu akiipenda anakuja kumchukua paka wake. Mwanzoni nilicheka. Huku Amerika paka anachaguliwa kwa picha kama mchumba.

Leo alikuwa anampiga yule mzee mweusi. Dume. Mweusi mpaka kwenye nyayo. Jina lake Deacon — mimi namwita Shemasi, si ndiyo hiyo hiyo. Picha ikatokea kwenye kioo cha kamera. Nikatazama. Shimo. Shimo jeusi lenye macho mawili. Nikamwambia Darlene kwa Kiingereza changu: picha hapana, shimo. Akacheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka akanikabidhi taa.

Mimi si mtu wa kushangaa kamera. Marehemu mume wangu Sipriani alikuwa mpiga picha wa kambi nzima ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu. Watu walipanga mstari mlangoni kwetu asubuhi, jua likiwa bado la pole. Yeye na kamera yake, mimi na kopo la mafuta ya mgando — nawapaka usoni, nawalowesha nywele, ndipo wanakaa. Darlene hayajui hayo. Kiingereza changu hakifiki huko.

Jumatano, 17 Septemba

Naandika nisisahau, maana kichwa kimeanza kuvuja.

Flashi haipigwi usoni mwa paka. Ukimpiga usoni macho yanawaka kijani kama ya chui na manyoya yanakuwa ukuta. Taa inavikwa kisanduku cha kitambaa cheupe. Mwanga ukipita kwenye kitambaa unatoka umefugwa. Ile taa nyingine inageuziwa mgongo, inapiga kwenye mwavuli, mwavuli ndio unaomrudishia paka mwanga. Halafu paka asikae karibu na pazia la kijivu lililotundikwa nyuma yake. Akikaa karibu, kivuli chake kinasimama nyuma yake kama mwizi.

Flashi ikilia, paka wanaruka. Darlene anawazoeza: anaipiga tu, bure bure, wakati wanakula. Akitaka wamtazame anatikisa funguo. Mimi nikapiga ulimi, vile tulivyokuwa tunaita mbuzi. Wote wakageuka! Darlene akasema nirudie. Nikarudia. Alisimama pale kama mtoto.

Jioni nimekutana na Généreuse kwenye ngazi. Mkongo anayekaa ghorofa ya juu yangu, anatunza wagonjwa, analala mchana kama popo. Akaniuliza natoka wapi na manyoya kwenye sketi. Nikamweleza.

"Donc, Mama Gaspari, uko unapiga bapaka foto?"

"Napiga."

"Na batu beko naona?"

"Wanaona. Wanawachukua."

"Bon. Mi pia unipige. Pengine mutu atanichukua."

Mjinga yule. Nimecheka mpaka ndani. Kisha nikapika ugali mwingi kama kawaida yangu, nikakumbuka kwamba niko peke yangu, nikaufunika.

Jumamosi, 27 Septemba

Binti yangu Fides hajapiga simu. Kaka yake Gaspari amepiga, yuko barabarani na lori lake, sauti inakatika katika. Wajukuu wamesema "Hi, Bibi," basi, wamekimbia.

Shemasi bado yuko ndani ya tundu. Nimemuuliza Darlene aliletwaje. Alivyonieleza kwa mikono na maneno: alikuwa wa mzee mmoja, watoto wa yule mzee wakampeleka baba yao kwenye nyumba ya wazee, kule paka hawapokelewi. Watu wanakuja, wanapita mbele ya Shemasi, wanachukua vitoto vya njano. Hawamuoni. Na kwenye intaneti ni lile shimo.

Nimemwambia Shemasi, nitakutoa picha ya mtu anayejiheshimu. Wewe tulia tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo nimebonyeza kamera mwenyewe. Darlene kanionyesha kuweka taa nyuma ya paka, juu kidogo, pembeni, isionekane kwenye picha. Inamchora mstari kwenye mgongo na masikio. Kwa paka mweupe haina kazi kubwa, kwa mweusi ndiyo inayomtenga na giza. Tulipompiga Shemasi mstari ukatokea, mzuri, kama amechorwa kwa chaki.

Lakini uso! Uso bado ni mkaa. Nikasogeza taa ya kisanduku karibu zaidi. Uso ukawa wa kijivu, kama amepakwa majivu. Nikairudisha. Mkaa. Darlene akasema inatosha, imekuwa nzuri. Haijatosha. Mtu akiona mstari tu atasema nini — nataka yule mstari?

Sipriani angejua. Nimefikiria njia yote kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bado nina mafuta mikononi. Naandika hivyo hivyo.

Darlene alikuwa mbele anaongea na wageni. Nikamtoa Shemasi kwenye tundu. Nikamkalisha kwenye meza ya studio, nikatoa kopo langu mkobani. Nikampaka mafuta ya mgando. Mgongo, kifua, mashavu, masikio. Kama mtu anayekwenda kupigwa picha! Mtabila hakuna uso uliokaa mbele ya Sipriani bila mafuta, na zile picha watu waling'aa, ukiona mtu wa Mtabila kwenye picha unadhani ametoka harusini. Nikasema kitu kimoja tu alichokosa huyu paka ni mafuta.

Alitulia. Alinitazama tu.

Nikawasha taa, nikabonyeza. Kamera ikanionyesha madoa meupe, kama amemwagiwa vipande vya kioo, na manyoya yameshikana mafungu mafungu, mbuzi aliyenyeshewa. Nikachukua kitambaa nifute. Mafuta yakazidi kuenea. Yeye naye akaanza kujilamba. Paka hujilamba, ninajua kwamba paka hujilamba, nimekuwa na paka maisha yangu yote wa kulinda mahindi yasiliwe na panya, na bado!

Akatapika juu ya pazia la kijivu. Akatapika tena. Akaharisha. Darlene aliingia akanikuta nimemshika miguu, nimejaa mafuta mpaka viwikoni.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimfunga kwenye taulo, akampeleka kwa daktari wa wanyama. Mimi nikabaki nazima taa.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada Généreuse amempigia Darlene kwa niaba yangu. Nilimwambia aweke sauti nje nisikie. Shemasi anaendelea vizuri, ameoshwa mara nyingi, amekasirika lakini anakula. Nikasema asante Yesu.

Halafu Darlene akasema mengi ya taratibu. Généreuse akatafsiri akitazama kucha zake. "Anasema usikasirike. Anasema upumuzike kwanza na ile mataa. Urudie kwa bakuli."

Nikamuuliza, kurudia bakuli?

"Kuosha bakuli, mama. Kama mbele."

Nikasema mwambie sitaki. Généreuse akasema, mama, ngoja kwanza. Nikasema mwambie! Mimi si mtu wa kushushwa. Hakumwambia hivyo, nilisikia, alimwambia maneno mengine marefu na kicheko ndani. Lakini mimi nimesema langu.

Jioni Gaspari akapiga. Nilikuwa bado nina moto. Akasema kama kila siku, mama, njoo kwetu Gahanna, unakaa pale peke yako kwa nini. Nikasema sawa, nakuja. Nadhani alishtuka. Nikamwambia wazi: nakuja kutembea. Kutembea.

Jumamosi, 25 Oktoba

Gahanna. Gaspari alinifuata kwangu Louisville na gari ndogo. Ufunguo wa nyumba yangu ameuchukua yeye — anasema lori lake linapita kule, ataniangalizia barua. Nimempa.

Nyumba yao ni kubwa, mazulia kila mahali, ukitembea husikii mtu. Ndege zinapita juu ya paa zikishuka uwanjani, matumbo yake unayaona wazi. Flavia, mkwe wangu, anatoka alfajiri kwenda kazini ghalani. Ananiamkia kwa magoti, sina la kusema juu yake, kalelewa. Ila akisharudi amechoka hata kuongea. Gaspari yuko barabarani. Watoto wanarudi shule, wanachukua chakula, wanapanda juu. Mimi na friji tunasikilizana.

Nimefagia penye safi. Nimefagia tena.

Alhamisi, 6 Novemba

Hawana paka. Nimechukua kiatu cheusi cha Gaspari cha kanisani, nimekiweka mezani, nimewasha taa ya kusomea ya watoto. Nataka kujua kitu cheusi kinataka nini.

Taa mbele: kiatu ni tofali. Taa pembeni, nimeivika karatasi ya kuokea: nyuzi zinaonekana upande mmoja, upande wa pili gizani. Nyuma: mstari, kama Shemasi. Nimepiga kwa simu picha nyingi. Upande wa gizani ndio unaonishinda.

Spés, binti yao mkubwa, akanikuta nimepiga magoti mbele ya kiatu. Akaniuliza kitu kwa Kizungu. Nikamwambia ongea lugha ya watu. Akafikiri, akasema: "Bibi, kwa nini unasali kwa kiatu ya Papa?" Nikamkaripia. Halafu nikamwonyesha. Alikaa dakika chache, akanishikia taa. Alinuka sabuni nzuri. Simu yake ikalia, akapanda juu.

Nikiwa pale nyuma ya meza nikamsikia Flavia jikoni anaongea na Gaspari kwenye simu. Sikumsikiliza, nilimsikia. Anasema wifi Fides amekubali, mama akae huku kiangazi, na kule Buffalo wakati wa baridi. Au kinyume chake, hawajapanga. Wanagawana.

Nilikohoa. Flavia akafunga mlango polepole, kwa adabu zote.

Jumapili, 16 Novemba

Cheektowaga, kando ya Buffalo, kwa Fides. Safari nzima nimemuuliza Gaspari, ufunguo wangu uko wapi? Anasema, mama, tutaongea. Nikamuuliza tena tulipopita ziwa. Tutaongea. Alipofika alikunywa chai amesimama, akageuza gari kabla giza halijaingia, anasema redio inatangaza theluji. Hatukuongea.

Fides amekonda. Analisha na kuogesha wazee kule kazini kwake, anarudi na macho mekundu. Mume wake yuko ghalani. Amenikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa na mfuko wa chakula cha paka. Cha paka wa nani? Wa bibi wa Kizungu wa juu, amekwenda kwa mwanawe, kamwachia Fides amlishe. Nikauliza, rangi gani?

"Mweusi, Mama. Kwani?"

Jumanne, 18 Novemba

Sijawahi kuona hivi. Usiku mbingu ilinguruma ndani ya theluji. Asubuhi Fides akafungua mlango — ukuta. Mweupe, umepigwa chapa ya mlango, mpaka na kitasa. Akaufunga. Mume wake amenasa kazini, analala juu ya maboksi, amepiga simu anacheka lakini si kicheko. Barabara zote zimefungwa. Kwa hiyo Fides yuko nyumbani. Leo nimekula na mtu.

Paka wa juu tumemshusha kwetu. Jike, mwembamba, mweusi kama Shemasi. Alipanda kwenye dirisha la sebule, theluji imefika nusu ya kioo. Nilikuwa nakunja nguo. Nikamtazama nikaacha kukunja.

Nilimwona. Mzima! Sharubu, kidevu, mistari ya manyoya kifuani, mbavu zikipumua. Na ndani ya ule weusi kuna rangi ya kahawa, nilikuwa sijui. Hakuna taa iliyompiga. Mwanga ulikuwa unatoka kwenye theluji, kutoka chini na pembeni, mpole, unaingia mpaka ule upande wa gizani.

Kumbe mweusi hamwagiwi mwanga. Anawekewa kitu cheupe karibu, anaazima kwake. Nami nilikuwa nambadilisha yeye, nampaka, nataka ang'ae! Mafuta yalifaa nyuso za watu kwenye jua la Kasulu. Huyu ana mafuta yake tayari, anajilamba tangu azaliwe.

Nimempiga kwa simu. Fides akaja nyuma yangu, akasema, Mama, unaongea na nani? Nilikuwa naongea na Sipriani. Nikasema, na paka.

Jumatano, 19 Novemba

Theluji bado. Nimesema dirisha ni la Mungu, nataka kuona kama naweza bila yeye. Nimefunga mapazia. Nimetandua shuka jeupe kitandani kwa Fides, nikalitandaza kwenye viti viwili, kimoja kulia kwa paka, kingine chini mbele yake. Taa moja ya mezani nimeivika taulo jembamba, nikaiweka kushoto. Nyingine nyuma, juu ya kabati. Paka juu ya kigoda, mbali na ukuta.

Fides akawa ananifuata: Mama, taulo litaungua. Mama, hilo shuka nimelifua jana. Mama, kaa chini. Nikamwambia shika hapo na ufunge mdomo. Akashika. Nikapiga ulimi, paka akageuka.

Ndiyo hiyo. Uso, macho, kidevu. Paka anayejiheshimu.

Fides aliitazama picha muda mrefu. Akasema, "Mama, hii umeipiga wewe?" Nani mwingine yuko humu ndani? Nikamwambia ampelekee Généreuse, na Généreuse ampelekee Darlene. Andika: picha ya mama wa mafuta. Andika hivyo hivyo.

Alhamisi, 20 Novemba

Imeanguka nyingine. Généreuse amepiga simu mchana, sauti nje, Fides anaosha vyombo.

"Mama Gaspari! Madame Darlene aliona foto. Anasema njo vile anapenda. Anasema ule Shemasi yako angali kwa tundu, hakuna mutu alimubeba, uje siku ya posho umupige vile vile. Na mataa yote mbili. Anasema samahani ya ile siku."

Siku ya posho ni Jumamosi, wao ndivyo wanavyoiita. Nikasema mwambie samahani ni yangu. Mara ya kwanza nasema neno hilo Amerika, nadhani.

Kisha Généreuse akashusha sauti. "Lakini utafikia wapi, mama? Kwako kuko batu bengine."

Watu gani?

"Famille moja ya Népal. Gaspari alikuya na camion ile wiki ulienda, akabeba bintu, akarudisha ufunguo kwa bureau ya benye manyumba. Mi nilijua unajua."

Maji kwenye sinki yalifungwa. Nikamuaga Généreuse vizuri, nikamuulizia hali ya watoto wake. Nikageuka.

Fides alikuwa ananitazama, mikono inadondosha maji kwenye zulia. Nikamuuliza, ulijua? Akasema, Mama, tulifikiri utafurahi. Ulijua? Akasema alijua. Akasema Gaspari alisema mwenyewe umekubali kuja. Nikasema nilikubali kutembea. Akasema kule unakaa peke yako, Mama, ukianguka nani atajua? Nikamuuliza, na Gahanna nikianguka kwenye lile zulia, nani atasikia? Nikamuuliza sufuria zangu ziko wapi. Hajui. Kitanda? Hajui. Kamera ya baba yako iliyokuwa juu ya kabati langu? Akaanza kulia. Sikumnyamazisha.

Nimekaa kwenye dirisha naandika. Hakuna gari linalopita, hata moja. Fides amekausha mikono, amechukua simu, anaangalia ule ujumbe wa Darlene ambao Généreuse ametutumia. Anausoma polepole kwa Kiswahili ingawa nimeshausikia. Anauliza, nimjibu nini?

Nimemwambia: andika Jumamosi.

"Jumamosi hii? Mama, mlango haufunguki."

Sikukuuliza mlango.

"Na utalala wapi?"

Andika Jumamosi, Fides.

Amesimama pale kwenye korido, kidole juu ya simu, haandiki. Sebule imeanza giza na mwanga wa simu unampiga kutoka chini, mwanga mbaya kabisa, unamchimba macho na kumvuta mashavu. Nimemwambia asogee huku dirishani, pale alipo anaonekana mzee kunizidi mimi.

Hajaandika bado. Amesogea kidogo.